Kutembea kwa Miguu na Mafuta ya Damu Baada ya Mlo

Jumapili, Misa ya pili inapomalizika, barabara za Kigamboni hujaa. Bodaboda husubiri karibu na lango la kanisa, bajaji zimejipanga kando, na familia ambayo nyumba yake iko mwendo wa robo saa hupanda chombo ili iwahi mezani. Mezani kuna wali wa nazi au pilau na samaki wa kukaanga, na kwa waliopitia mahali pa kuchoma nyama kuna kitimoto na soda baridi. Hatuna ugomvi na chakula hicho. Jumapili ni siku ya furaha, na mlo wa pamoja ni sehemu ya furaha hiyo. Tunachotaka kukieleza katika makala hii ni kile kinachotokea ndani ya damu saa kadhaa baada ya sahani kuondolewa, na kwa nini ile robo saa ya mguu tuliyoiuza kwa bodaboda ina thamani ambayo wengi wetu hatuifahamu.

Jambo hili si dogo. Ni nadra leo kukuta jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo isiyo na mgonjwa wa kiharusi wa kutembelewa, na mara nyingi mgonjwa huyo ni mzazi aliyekuwa bado anategemewa na watoto wa shule. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti waliwahesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika maeneo ya jiji la Dar es Salaam. Baada ya kurekebisha tofauti za umri, walipata takribani wagonjwa 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na takribani 316 hapa Dar es Salaam. Chanzo kikuu cha kiharusi ni shinikizo la damu, na hatupendi msomaji adhani kwamba mafuta pekee ndiyo ya kulaumiwa. Lakini mafuta yanayochelewa kuondoka katika damu baada ya kila mlo ni miongoni mwa mambo yanayoharibu kuta za mishipa, na ni miongoni mwa yale ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyapunguza kwa miguu yake mwenyewe, bila gharama.

Safari ya mafuta kutoka sahanini

Mafuta hayachanganyiki na maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo mwili umewekewa utaratibu maalumu wa kuyasafirisha. Nyongo na vimeng'enya vya kongosho huyavunjavunja mafuta ya chakula ndani ya utumbo mwembamba. Kuta za utumbo huyapokea, huyaunganisha upya, kisha huyafunga katika vifurushi vidogo mno vyenye ganda lililotiwa protini. Wataalamu huviita vifurushi hivyo kilomikroni. Haviendi moja kwa moja kwenye ini kama iendavyo sukari. Hupita kwanza katika mirija ya limfu, hupanda hadi chini ya shingo, na hapo ndipo humwagwa katika mshipa mkubwa wa damu. Shehena yao kubwa ni aina ya mafuta iitwayo trigliseraidi, ambayo si kitu kimoja na lehemu, ingawa vipimo vyote viwili huandikwa katika karatasi ileile ya maabara.

Safari hiyo ndefu ndiyo sababu mafuta hayaonekani katika damu mara tu baada ya kula. Baada ya mlo mmoja mzito, kiwango cha trigliseraidi hupanda polepole, hufika kileleni baada ya muda wa saa 3 hadi 4, na hurudi kilipoanzia baada ya saa 6 hadi 8. Damu ikichukuliwa kileleni hapo na kuachwa itulie, sehemu yake ya maji, ambayo kwa kawaida ni ya manjano na angavu, huweza kuonekana na ukungu mweupe kama tui la pili.

Tufanye hesabu kidogo. Mtu mzima mwenye afya ana takribani lita 3 za maji ya damu. Akiwa hajala tangu usiku, kila lita hubeba kama gramu 1 ya trigliseraidi. Yaani mafuta yote ya aina hiyo yaliyomo katika mzunguko wake hayazidi sana gramu 3, chini ya kijiko kimoja cha chai. Sasa aletewe sahani ya chipsi mayai, ambayo vijana wetu huiita zege: kwa urahisi sahani hiyo hubeba gramu 40 za mafuta au zaidi. Nazi nayo si haba, kwani karibu theluthi ya uzito wa nyama yake ni mafuta. Mafuta mengi kiasi hicho hayawezi kukaa katika damu kwa pamoja. Sharti yapite, yapokelewe upande wa pili, na mengine yafuate.

Mkazi wa Kigamboni hahitaji mfano wa mbali. Damu ni kama pantoni letu la Magogoni. Jioni watu ni wengi kuliko chombo, na kinachoamua kama msongamano utaisha si ukubwa wa chombo peke yake, bali ni jinsi abiria wanavyoshuka upesi ng'ambo. Lango la ng'ambo likifunguliwa nusu, foleni ya Magogoni hurefuka. Katika mwili, lango hilo ni kimeng'enya kiitwacho lipoproteini lipesi, kilichokaa katika kuta za mishipa midogo kabisa ndani ya misuli, moyo na tishu za mafuta. Kazi yake ni kukifungua kifurushi cha kilomikroni na kuyaruhusu mafuta yaingie: katika misuli yatumike, katika tishu za mafuta yawekwe akiba. Misuli isiyotumika hupunguza kimeng'enya hicho. Mtu aliyeketi tangu asubuhi, iwe ofisini au kwenye usukani, ana malango mengi yaliyofungwa, na yale makubwa zaidi ni ya mapaja na miguu.

Kifurushi kinachochelewa kushushwa hupungua kidogo kidogo na kubaki kama mabaki yenye lehemu nyingi. Mabaki hayo ni madogo kiasi cha kupenya katika kuta za mishipa mikubwa na kunasa humo. Mwaka 1979 mtafiti Donald Zilversmit wa Marekani alitoa hoja kwamba ugonjwa wa mishipa kuziba hujengwa hasa katika saa zile zinazofuata mlo. Mwaka 2007 watafiti wa Copenhagen, nchini Denmark, walionyesha kwamba kiwango cha trigliseraidi kilichopimwa kwa watu ambao hawajafunga kinaashiria hatari ya shambulio la moyo. Ukitazama siku ya mtu wa mjini utaona uzito wa hoja hiyo. Supu na chapati mbili saa 2 asubuhi, chipsi saa 8 mchana, wali na samaki wa kukaanga saa 3 usiku: kila mlo unaingia kabla mlo uliotangulia haujatoka. Damu yake hupata nafasi ya kutulia alfajiri tu, na ni alfajiri hiyo, baada ya mfungo wa usiku, ambayo maabara zetu zimezoea kuipima.

Matembezi ya jana na mlo wa leo

Wengi hudhani kwamba kutembea husaidia kwa sababu kunachoma chakula kilicholiwa. Hesabu hiyo haiendi mbali. Mtu wa kilo 70 akitembea kwa haraka dakika 30 hutumia takribani kalori 130 hivi, na si zote zinazotoka katika mafuta. Akichoma gramu 6 au 7 za mafuta amefanya vizuri. Sahani ilikuwa na gramu 40. Kama faida ingekuwa hiyo tu, tusingekuwa na sababu ya kuandika makala nzima.

Faida iko mahali pengine. Kuanzia miaka ya 1990, Adrianne Hardman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, waliwatembeza watu wasio wanariadha, kisha kuwapa mlo wa mafuta siku iliyofuata na kuwapima damu kila baada ya muda. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, vijana waliotembea kwa saa 2 siku iliyotangulia walikuwa na ongezeko la mafuta baada ya mlo lililopungua kwa karibu theluthi moja, likilinganishwa na siku ambayo hawakutembea. Hawakutembea siku ya kula. Walitembea jana yake, wakalala, wakaamka, wakala.

Maelezo yake yanarudi kwenye lango la pantoni. Misuli iliyofanya kazi hutengeneza kimeng'enya zaidi, lakini si papo hapo. Ongezeko huonekana saa kadhaa baadaye na hudumu hadi siku ya pili. Ini nalo, ambalo huzalisha vifurushi vyake lenyewe mchana na usiku, hubadilika baada ya matembezi, na vifurushi vyake havigombanii lango na vile vya chakula kama ilivyokuwa. Kwa hiyo tuseme wazi, maana hapa ndipo kiini cha somo letu kilipo: kwa upande wa mafuta, matembezi ya leo hukuandalia mlo wa kesho.

Lakini nani ana saa 2? Swali hilo liliulizwa na Loughborough pia. Mwaka 2000 Marie Murphy, Hardman na mwenzao walichapisha matokeo ya watu wa makamo wasio na mazoea ya mazoezi: wale wale walitembea kwa haraka dakika 30 mfululizo katika siku moja, na katika siku nyingine dakika 10 mara tatu. Mafuta baada ya milo yalipungua, na namna zote mbili zilifanya kazi sawa. Mwaka 2008 watafiti wa chuo hichohicho waliligawa zoezi hilo zaidi kwa vijana wa kiume: dakika 3 mara kumi kwa siku. Hata hapo faida ilionekana. Nafuu inayopatikana kwa dakika 30 ni ndogo kuliko ile ya saa 2, na ni haki kulisema hilo. Ila ni nafuu ya kweli, na mama mwenye genge ambaye hawezi kuliacha kwa nusu saa anaweza kuipata kwa vipande.

Jambo ambalo halipendezi ni hili: faida haidumu. Hata wanariadha waliozoea kukimbia, wakipumzika siku mbili au tatu, mafuta yao baada ya mlo huanza kupanda tena. Anayetembea Jumamosi moja kwa mwezi pamoja na kundi la mazoezi la parokia amefanya jambo jema kwa undugu, lakini mishipa yake haitakumbuka kitu kufikia Jumatano.

Je, kutembea mara tu baada ya kula? Wazee wetu walipenda kujinyoosha kidogo baada ya chakula, na kwa sukari ya damu walikuwa na haki kabisa: hata dakika 10 au 15 baada ya mlo hupunguza kupanda kwa sukari, kwa kuwa misuli inayotembea huichukua moja kwa moja. Kwa mafuta ya mlo uleule matokeo ya watafiti hayalingani, na faida huwa ndogo, kwani mafuta yenyewe bado yako njiani katika limfu wakati wewe umekwisha kurudi nyumbani. Bado hatua hizo si bure. Zinaingia katika hesabu ya kesho.

Tahadhari moja zaidi, ambayo huenda ikawaudhi baadhi yetu. Majaribio yameonyesha kwamba mtu akiirudisha kwa kula nishati yote aliyoitumia kwa kutembea, sehemu kubwa ya faida hupotea. Chupa ya soda ya nusu lita ina kalori zaidi ya zile za matembezi ya nusu saa, na sukari yake ikizidi hugeuzwa na ini kuwa trigliseraidi zilezile. Pombe hufanya vivyo hivyo. Maji yatosha.

Wamasai, wakulima na sisi wa mjini

Nchi yetu imechangia sana katika elimu hii. Katika miaka ya 1960 daktari Mmarekani George Mann aliwapima Wamasai wa Tanganyika, watu waliokuwa wakiishi kwa maziwa na nyama, akakuta lehemu yao iko chini na dalili za ugonjwa wa moyo ni chache mno. Uchunguzi wa maiti aliouchapisha pamoja na wenzake mwaka 1972 ulikuwa na jambo la kushangaza: kuta za mishipa yao hazikuwa safi kabisa, ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, damu ikapita. Mann aliamini kwamba siri ilikuwa katika miguu yao.

Mwaka 2010 Julia Mbalilaki na wenzake walilitazama upya suala hilo kwa Watanzania 985: Wamasai, wakulima wa vijijini na wakazi wa mjini. Wamasai walitumia kwa siku takribani kalori 2,565 juu ya zile ambazo mwili huzihitaji ukiwa umetulia. Wakulima walitumia 1,500. Wakazi wa mjini 891. Kiwango hicho cha Wamasai kinakaribiana na kutembea kilomita 20 kila siku. Ingawa chakula chao kilikuwa na mafuta mengi ya wanyama, vipimo vyao vya mafuta ya damu vilikuwa bora kuliko vya watu wa mjini. Tusilichukue hili kuwa ruhusa ya kula mafuta ya wanyama, maana hakuna kati yetu anayetembea kilomita 20 kati ya Kibada na Feri. Na kijana wa Kimasai anayelinda geti usiku kucha akiwa ameketi hapa Kigamboni hana kinga ya damu aliyorithi. Anaishi sasa maisha yetu.

Wengi wa wakazi wa Kigamboni tumetoka bara, au wazazi wetu walitoka huko. Kuna utafiti, uliochapishwa pia mwaka 2010, uliowafuata watu waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kuja Dar es Salaam na kuwapima baada ya miezi 12. Kabla ya kuhama, karibu wanaume 8 kati ya 10 walifanya kazi nzito za mwili; baada ya mwaka mmoja mjini walibaki kama robo. Kwa wanawake, walikuwa zaidi ya theluthi moja, wakashuka hadi chini ya mmoja kati ya sita. Uzito uliongezeka kwa zaidi ya kilo 2. Si kila kipimo kiliharibika, maana watu hao walianza pia kula matunda na mboga zaidi, na trigliseraidi za wanaume zilishuka kidogo, ilhali lehemu yao yote kwa jumla ilipanda. Mji haumwangamizi mtu kwa siku moja. Kinachopotea mapema zaidi ni kazi ya mwili, na hicho ndicho kisichorudi chenyewe.

Namna ya kutembea, na wa kujihadhari

Kasi inayotakiwa ni ile ya mtu anayewahi pantoni huku kengele ikilia, lakini bila kukimbia. Wanakwaya wana kipimo chao rahisi: uweze kujibu salamu ya mtu njiani, ila usiweze kuimba kiitikio hadi mwisho bila kuvuta pumzi. Kutembea kwa kuzurura, ambako lugha yetu imekupa neno hilohilo, ni kuzuri kwa ujirani na si kwa kimeng'enya.

Daraja la Nyerere, lililofunguliwa Aprili 2016, lina urefu wa takribani meta 680 na njia ya waenda kwa miguu kila upande. Kulivuka kwa haraka kwenda na kurudi ni kama robo saa, kuna upepo wa bahari, na hakuna pikipiki inayokupita begani. Barabara nyingine zetu hazina kando salama, hivyo ni heri kupita mitaa ya ndani au ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Jua la saa 6 mchana liepukwe. Anayekwenda kwenye jumuiya asubuhi ya Jumamosi aondoke mapema kidogo na kuiacha bajaji. Na familia yenye mtoto wa Kipaimara Jumapili, ambayo inajua pilau linakuja na kuku wanakuja, itembee Jumamosi jioni, wazazi na wageni waliofika kutoka mikoani pamoja.

Wapo wasiopaswa kuanza kabla ya kumwona daktari. Anayebanwa na kifua anapopanda kilima au anapotembea baada ya kushiba ni mgonjwa wa moyo hadi ithibitishwe vinginevyo, na asijaribu kulitibu tatizo hilo kwa mwendo. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari anaweza kuishiwa sukari njiani. Abebe kitu kitamu, na akirudi akague nyayo zake, kwa sababu malengelenge asiyoyahisi ndiyo humpeleka hospitalini. Anayetumia dawa za shinikizo la damu au za kushusha lehemu asiziache kwa kuwa ameanza kutembea.

Mwenye kupimwa mafuta ya damu aulize kama anatakiwa kufunga. Kwa kipimo cha kufunga, kwa kawaida mtu huacha kula kwa muda wa saa 9 hadi 12, na kiwango cha trigliseraidi kilicho chini ya 1.7 kwa vipimo vya milimoli kwa lita, au 150 kwa maabara zinazotumia miligramu kwa desilita, huhesabiwa kuwa cha kawaida. Kiwango kikipita milimoli 10, hatari ya kwanza si moyo tena bali ni kongosho kuvimba ghafla kwa maumivu makali ya tumbo, na hapo kutembea hakutoshi. Matibabu yanahitajika mara moja. Na kwa kuwa matembezi ya jana hubadilisha damu ya leo, aliyetembea sana siku iliyotangulia amweleze daktari, asije akasomewa namba nzuri kuliko ile ya siku zake za kawaida.